Rozela ya Bi Siwema na Damu ya Faudhia

Kila asubuhi, kabla hajafagia uwanja, Bi Siwema alikwenda kwanza kuikagua sufuria yake. Hapakuwa na sababu ya kuikagua. Ilikuwa nzito kiasi kwamba mwizi angelazimika kuomba msaada wa majirani. Hata hivyo aliinua mfuniko, akainusa rozela iliyolala humo usiku kucha, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Imekomaa," alisema.

Mumewe, Mzee Khalfani, alikuwa barazani akivaa viatu vya shamba.

"Na jana ulisema imekomaa," alijibu.

"Na jana ilikuwa imekomaa."

Katika mtaa wao, nje kidogo ya mji wa Kisarawe, wanawake wengi walitengeneza juisi ya rozela. Waliyachemsha maua makavu, wakachuja, wakanywa siku hiyohiyo. Bi Siwema hakuwa na haraka ya namna hiyo. Yeye aliyachemsha maua pamoja na ukwaju, akakamulia ndimu, akafunika, akaiacha juisi ndani ya sufuria mpaka kesho yake. Aliamini kwamba rozela isiyolala haina nguvu. Hakuna aliyewahi kumuuliza amejuaje.

Sufuria yenyewe aliinunua mwaka uliotangulia, mnadani Kibaha. Haikutoka kiwandani. Mafundi wa mtaani walikuwa wameyeyusha vyuma chakavu: vipande vya injini, rejeta za magari, na vitu vingine ambavyo hakuna aliyevitaja. Uji wa chuma waliumimina kwenye kalibu ya mchanga, ukaganda, ukawa sufuria. Muuzaji aliigonga kwa kijiti, ikalia kama kengele.

"Hii, mama, utawarithisha wajukuu," muuzaji alisema.

Bi Siwema hakuwa na mjukuu hata mmoja wakati ule. Aliinunua papo hapo. Tangu siku hiyo aliisugua kwa mchanga kila baada ya kupika, mpaka akaweza kuuona uso wake ndani yake.

Sasa mjukuu alikuwa njiani. Binti yake, Faudhia, aliolewa Kibaha, katika kata ya Sofu. Mimba ilikuwa ya kwanza, na mwenye mimba ya kwanza katika ukoo wao huja kujifungulia nyumbani kwa mama. Kwa hiyo Faudhia alirudi Kisarawe mapema, akiwa na sanduku moja na mito miwili. Mumewe, Latifu, alibaki Sofu kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Kila Jumamosi alikuja kwa pikipiki, akileta papai moja na maswali mengi.

"Anacheza?" Latifu aliuliza, akiliangalia tumbo la mkewe.

"Anacheza mpira," Faudhia alijibu. "Na anacheza usiku tu, kama timu zenu."

Nyumba ilijaa furaha. Majina ya mtoto yalipendekezwa na kukataliwa. Kanga mpya zilifuliwa ili zilainike. Kilichoharibu furaha hiyo kilikuwa kitu kimoja tu. Faudhia hakuwa na damu ya kutosha.

Kliniki walimpima, wakampa vidonge vya kuongeza damu. Walipompima tena baadaye, damu ilikuwa imepungua zaidi. Muuguzi alimweleza bila kuzunguka.

"Mwanamke anayejifungua hupoteza damu. Mwenye damu nyingi hupoteza na kubakiwa nayo. Wewe, mdogo wangu, huna ya kupoteza. Ikiendelea hivi, uzazi utakuwa wa hatari kwako na kwa mtoto."

Bi Siwema aliisikia taarifa hiyo, akajifunga kanga kiunoni. Alikuwa na jibu. Rozela ni nyekundu. Damu ni nyekundu. Kwake yeye, hoja ilikwisha hapo. Akaongeza kipimo: bilauri asubuhi, bilauri mchana, bilauri jioni.

"Mama," Faudhia alilalamika siku moja, akiwa amelala mkekani, "nimekunywa hadi nikijikata kisu itatoka juisi."

"Kunywa. Unadhani mimi naipikia mapambo?"

"Tumbo linanikaza. Kichwa kinauma. Nikipanda ngazi mbili tu za baraza, nahema."

"Ndiyo maana unywe."

Faudhia alikunywa. Mama yake naye alikunywa bilauri moja ili kumpa moyo. Mzee Khalfani alichukua yake, akatoka nayo nje kama ilivyokuwa desturi yake. Alisema hupenda kuinywa huku akitazama migomba.

Kwenye kliniki iliyofuata, damu ilikuwa imeshuka tena, hadi kipimo cha tisa, na mjamzito anatakiwa afike kumi na moja.

Siku hiyo alikuwepo kliniki mtaalamu wa maabara aliyeitwa Juliana. Yeye na wenzake walikuwa wakifanya utafiti kwa wajawazito wa Kibaha na Kisarawe. Walitaka kujua jinsi moshi, vumbi na madini yenye sumu yanavyoacha alama katika miili ya watu. Alimweleza Faudhia utafiti huo, akamwambia ana hiari ya kukataa. Faudhia hakukataa. Alikuwa amechoka kuambiwa kwamba damu yake inapungua bila kuambiwa kwa nini. Akanyoosha mkono, Juliana akachukua damu kidogo.

Juma lililofuata Juliana alifika nyumbani kwao na begi la vifaa.

"Hodi wenyewe. Shikamoo mama. Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti," Bi Siwema alisema. "Faudhia, mletee mgeni rozela."

"Ahsante mama, nitakunywa baadaye," Juliana alijibu. Kisha akamgeukia Faudhia. "Majibu yako ninayo. Ni yako peke yako. Niyaseme hapa, au twende pembeni?"

"Sema hapa hapa," Faudhia alijibu. "Nikiyasikia peke yangu, mama atanihoji mpaka jioni."

Juliana akakaa vizuri. "Tumekuta madini ya risasi katika damu yako."

Mzee Khalfani akaruka kwenye kiti. "Risasi! Nani kampiga?"

"Hakuna aliyempiga, baba. Risasi ni aina ya madini. Ipo kwenye betri za magari, ipo kwenye baadhi ya rangi za zamani, ipo kwenye vyuma chakavu. Haina harufu wala ladha utakayoijua. Mwili hauihitaji hata kidogo. Ikiingia, inaharibu."

Bi Siwema hakufurahishwa. Hakuwa mtu wa kuamini kitu kwa sababu tu kimetoka kwenye begi la vifaa.

"Mmeiona kwa macho?" aliuliza.

"Hapana mama. Mashine imeipima. Tena tumetafuta alama mbili. Ya kwanza ni risasi yenyewe. Ya pili ni uharibifu ilioufanya. Nikueleze?"

"Eleza. Lakini polepole."

"Damu ina chembe nyekundu, ndogo sana. Ndani ya kila chembe mna kitu kinachobeba hewa safi na kuisambaza mwilini. Kitu hicho kina kiti katikati, na kiti hicho ni cha madini ya chuma. Risasi ikiingia, huvuruga utaratibu wote. Chuma hakifiki kwenye kiti chake. Madini mengine, yanayoitwa zinki, yanakuja kukaa pale. Sisi maabara tunahesabu viti vilivyokaliwa na asiyehusika."

Mzee Khalfani alifikiri. "Kwenye harusi ya Faudhia, mpiga picha alikaa kwenye kiti cha bwana harusi."

"Na shughuli iliendelea?" Juliana aliuliza.

"Haikuendelea. Ilibidi kwanza tumwondoe."

"Basi ni hivyohivyo, baba."

"Kwa hiyo damu yangu inapungua kwa ajili ya hiyo risasi?" Faudhia aliuliza.

"Sitakudanganya," Juliana alijibu. "Ujauzito wenyewe hupunguza damu. Ukikosa chuma kwenye chakula, ile alama ya zinki hupanda pia. Ndiyo maana hatuiamini alama moja peke yake. Lakini kwako zote mbili zipo juu, na risasi ipo nyingi kuliko tunavyoweza kuipuuza. Tena kuna jambo jingine. Mwili wenye njaa ya chuma hufyonza risasi kwa wepesi zaidi. Na risasi hupita kwa mama ikamfikia mtoto tumboni. Inaweza kudhuru ubongo wake unaojengeka."

Hakuna aliyetania tena. Faudhia aliweka mikono yote miwili juu ya tumbo.

"Inatoka wapi?" Bi Siwema aliuliza.

"Hilo ndilo lililonileta. Lazima ipo njia inayoingilia. Tukiipata tukaiziba, mwili utaanza kuitoa wenyewe."

Bi Siwema hakuhitaji muda wa kufikiri. Aliinua mkono, akaonyesha ng'ambo ya ua. Huko palikuwa na kibanda cha Evodius, jirani yao aliyehamia kutoka Kagera. Evodius alitengeneza redio na kuchaji betri za watu.

"Betri," Bi Siwema alisema kwa uchungu. "Si umesema betri? Basi kazi imekwisha." Akasogea mpaka kwenye ua, akapaza sauti. "Evodius! Evodius wee! Umemtilia mwanangu sumu!"

Evodius alitokeza na bisibisi mkononi. "Mimi? Bi Siwema, mimi hata chumvi sijawahi kukuazima."

"Betri zako zina risasi!"

"Zina risasi ndani, mama. Mimi nachaji tu, sizipasui."

Juliana aliuliza kama anaweza kupima udongo wa pande zote mbili za ua. Evodius akamfungulia mwenyewe. Juliana alichukua udongo wa kibandani, maji ya bomba, na vumbi la ukutani. Kisha akawaomba wazazi wa Faudhia nao wapimwe damu, kwa kuwa walikaa nyumba moja na binti yao. Bi Siwema akanyoosha mkono kwa hasira. Mzee Khalfani akanyoosha wake kwa utulivu wa mtu asiye na wasiwasi.

Juliana aliporudi, wote walikuwa barazani. Hata Evodius alikuwepo, kwa sababu jina lake lilikuwa limetajwa kwa sauti kubwa na alitaka kusikia likisafishwa.

"Udongo wa kwa Evodius hauna tofauti na wa shambani," Juliana alianza. "Maji ni mazuri. Ukuta hauna tatizo."

Evodius aliweka miguu juu ya kigoda, akamtazama Bi Siwema. Bi Siwema alitazama paa.

"Majibu ya wazee niyaseme mbele ya watu?"

"Yangu sema," Bi Siwema alijibu.

"Na yangu soma tu, mwanangu," Mzee Khalfani alisema. "Mimi sina siri."

"Mama, na wewe una risasi katika damu. Si mbali na Faudhia. Baba..." Juliana aliisoma karatasi mara ya pili. "Wewe huna. Yaani ipo kidogo sana, kama mtu yeyote."

"Alhamdulillahi," Mzee Khalfani alisema. "Afya njema ni ya ukoo wetu."

"Hapo ndipo ninapokwama, baba. Mnalala nyumba moja?"

"Moja."

"Maji mamoja?"

"Mamoja."

"Chakula kimoja?"

"Sahani moja kabisa," Bi Siwema alidakia. "Ninachopika nakula mimi, anakula yeye, anakula Faudhia. Ninachochemsha tunakunywa sote. Hakuna kinachopita kinywani mwangu kisichopita kinywani mwake."

"Basi kipo kimoja," Juliana alisema. "Damu inasema kipo. Kuna kitu ninyi wawili mnakitumia, na baba hakitumii."

Kuku alipita barazani. Mzee Khalfani alianza kuchunguza kucha zake kwa makini ambayo kucha hizo hazikuwahi kupewa.

"Baba," Faudhia aliita.

"Naam."

"Rozela huwa unaimaliza?"

"Huwa inakwisha," Mzee Khalfani alijibu kwa uangalifu.

"Inakwisha wapi?"

Mzee Khalfani aliutazama uso wa mkewe, akaona hakuna pa kutokea. "Kwenye migomba," alisema. "Inanikereketa koo. Ni kali. Nilikueleza tulipooana, ukalia siku nzima. Tangu hapo sikueleza tena."

"Tangu tulipooana!" Bi Siwema alisimama. "Watoto wote nimezaa, nimelea, nimeozesha, na wewe unamwagilia migomba?"

"Migomba haijawahi kulalamika."

Evodius alicheka mpaka kigoda kikapinduka. Faudhia alicheka huku ameshika tumbo. Juliana peke yake ndiye aliyebaki na uso wa kazi, maana damu ya Mzee Khalfani ilikuwa imempa jibu alilokuwa akilitafuta.

"Mama, naomba nione unavyoipika rozela. Tangu mwanzo."

Bi Siwema alimpeleka jikoni, akamwonyesha maua, ukwaju na ndimu. Akamweleza jinsi juisi inavyolala. Mwisho akaonyesha sufuria. Juliana aliinama, akapitisha kidole ndani yake.

"Uliinunua wapi?"

"Mnadani. Ya kumiminwa. Hii haitoboki milele."

"Ni ya vyuma chakavu?"

"Ndiyo. Vyuma vya kweli, si haya makaratasi ya siku hizi."

Juliana akasimama wima. "Mama, anayeyeyusha vyuma chakavu hajui vyote vilivyomo. Rejeta huunganishwa kwa risasi. Kipande cha betri kikiingia humo, kinayeyuka na vingine. Na vitu vichachu hula chuma. Rozela ni chachu. Ukwaju ni mchachu. Ndimu ni chachu. Ukiviacha usiku kucha humo, vinaitoa risasi kwenye sufuria na kuitia kwenye juisi. Ukiisugua kwa mchanga, unaondoa utando unaozuia kidogo, na kazi inakuwa nyepesi zaidi."

Bi Siwema aliifunika sufuria kwa mfuniko wake. Kisha akasema alichokuwa akikiwaza.

"Kwa Evodius nilikuwa na uhakika hivyohivyo. Nikawa nimekosea. Wewe una uhakika gani?"

Lilikuwa swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa siku hiyo, na Juliana alilipa heshima yake.

"Sina uhakika bado, mama. Tupime."

"Basi tupime kwa namna ambayo hutaweza kunionea."

Wakakubaliana. Marselina, mke wa Evodius, aliazimisha sufuria yake ya kiwandani, ya chuma kisichoshika kutu. Bi Siwema alipika rozela mbili zilizofanana kwa kila kitu: maua yaleyale, ukwaju uleule, maji yaleyale. Moja ililala katika sufuria yake nzito. Nyingine ililala katika sufuria ya Marselina. Asubuhi alijaza chupa tatu: rozela mbili, na maji matupu aliyotia rangi nyekundu ya keki ili yasitambulike. Kila chupa aliifunga uzi wa rangi yake shingoni. Maana ya nyuzi hizo hakumwambia Juliana. Hakumwambia Faudhia. Mumewe hakumwambia kwa sababu zinazoeleweka.

Juliana alizichukua chupa. Siku aliyorudi, Bi Siwema hakumkaribisha hata kiti.

"Sema."

"Chupa ya uzi mweusi haina kitu. Ya uzi mweupe haina kitu. Ya uzi wa kijani ina risasi nyingi. Mtu hapaswi kuinywa hata mara moja."

Bi Siwema alibaki amesimama katikati ya uwanja.

"Hukujua ipi ni ipi," alisema.

"Sikujua, mama."

"Kijani ni sufuria yangu." Akaketi kwenye ngazi ya baraza. "Siwezi kusema umenionea. Nimemnywesha mwanangu kwa mkono wangu mwenyewe. Naye alikuwa anakataa."

Faudhia alishuka akakaa ubavuni pake. Alishuka polepole, akihema.

"Mama, ulinipa kitu ulichoamini ni dawa. Na wewe ulikunywa. Sasa acha kulia, unipe kingine, maana mimi na huyu tuna njaa."

"Sasa nimpe nini?" Bi Siwema alimwuliza Juliana, akijifuta kwa upindo wa kanga.

"Rozela aiache kabisa mpaka ajifungue. Rangi nyekundu haiongezi damu, mama. Kinachoongeza damu ni chuma. Mpe dagaa, maharage, nyama mkiipata, mayai, matembele, mchicha. Mpe machungwa pamoja na chakula, yanasaidia chuma kufyonzwa. Maziwa na dagaa wenye mifupa nao husaidia mwili kuikataa risasi. Vidonge anavimeza na nini?"

"Na chai ya rangi," Faudhia alijibu.

"Usivimeze na chai. Chai huzuia chuma. Vimeze na maji, au na juisi ya chungwa. Chai kunywa baadaye, saa moja au mbili zikipita. Na kliniki usikose hata mara moja. Nimeshaongea na daktari, atakufuatilia kwa karibu."

"Na sufuria? Niiuze?"

"Ukiiuza, risasi itahamia kwa mtoto wa mwenzako. Ukimpa muuza chuma chakavu, itayeyushwa irudi mnadani ikiwa sufuria mpya. Nipe mimi, iende kwenye utafiti."

Mzee Khalfani na Evodius waliibeba mpaka kwenye gari. Ilihitaji vituo viwili vya kupumzika njiani.

Bi Siwema alikuwa na deni moja la maneno, akaenda kulilipa mpaka kwenye ua. "Evodius, nilikukosea. Nisamehe," alisema kwa sauti ya chini.

"Bi Siwema, ulinisema kwa sauti kubwa," Evodius alijibu. "Mtaa mzima ulisikia. Na msamaha uwe wa sauti ileile."

Bi Siwema alivuta pumzi. "EVODIUS HAKUNITILIA SUMU!" alipaza sauti. "BETRI ZAKE HAZINA MAKOSA!"

"Wasikie na wa kule bondeni," Evodius alisema, akashughulikia redio yake.

Kuanzia hapo nyumba ilibadilika. Bi Siwema alinunua sufuria ya chuma kisichoshika kutu, ambayo aliona ni nyepesi mno, akaizoea. Chakula chenye ndimu, nyanya au ukwaju hakikulala tena ndani ya chombo cha kupikia. Kilihamishiwa kwenye bakuli la udongo au la kioo. Dagaa walipikwa kwa nyanya, kwa nazi, kwa bamia. Latifu aliacha kuleta papai, akaanza kuleta machungwa na samaki, akabaki na maswali yake.

Majirani walipokuja kumjulia hali Faudhia, Bi Siwema aliwauliza kuhusu sufuria zao kabla ya kuwauliza kuhusu afya zao.

"Yangu inang'aa, shoga. Haina tatizo," jirani mmoja alimwambia.

"Na yangu iling'aa. Kwa macho huwezi kujua. Si kila sufuria ya kumiminwa ina risasi, lakini hujui iliyo nayo ni ipi. Kwa hiyo kitu kichachu usikipikie humo, wala usikilaze."

"Wewe umejuaje?"

"Nimepima," Bi Siwema alijibu. Alilipenda neno hilo jipya, akalitumia mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Juliana alimpima Faudhia tena baada ya wiki kadhaa. Risasi ilikuwa imeshuka karibu nusu. Damu ilikuwa imeanza kupanda. Alama ya zinki ilishuka kidogo tu, na Juliana akasema ndivyo inavyotakiwa. Chembe nyekundu huishi karibu miezi minne. Zilizoharibika huondoka taratibu, na mpya huzaliwa kila siku zikiwa na chuma kwenye kiti chake. Kipimo kilichofuata kilikuwa kizuri zaidi. Faudhia alipanda ngazi za baraza, akashuka, akapanda tena bila sababu yoyote isipokuwa kwamba aliweza.

Uchungu ulianza Ijumaa mchana. Bi Siwema na Mzee Khalfani walimpeleka hospitali. Latifu alipopigiwa simu alifika na msafara. Alikuja na vijana sita wa Sofu kwenye bajaji mbili, wakiongozwa na rafiki yake Ally. Kila mmoja alikuwa amekunja mkono wa shati hadi begani.

"Hawa ni wa nini?" Mzee Khalfani aliuliza.

"Ni damu, baba," Latifu alijibu. "Nimekuja na akiba. Lolote likitokea, wapo."

Wakaketi kwenye benchi la nje. Ally alijaribu kuwachekesha wenzake, lakini Latifu hakucheka. Bi Siwema hakukaa kabisa. Alitembea kutoka mlangoni hadi kwenye bomba la maji na kurudi, na kila mlango ulipofunguka alisimama. Jua lilianza kuteremka. Ndipo muuguzi akatoka, akivua glavu.

"Ndugu wa Faudhia?"

Watu tisa walimsogelea pamoja.

"Mtoto wa kike. Amelia vizuri na ananyonya. Mama mzima."

"Na damu?" Bi Siwema aliuliza. "Damu imetoka nyingi?"

"Imetoka ya kawaida. Tumempima. Aliyobaki nayo inamtosha. Hahitaji kuongezwa."

Latifu alikaa chini palepale, sakafuni, akafunika uso. Ally alitazama mkono wa shati aliokuwa ameukunja, akauliza, "Kwa hiyo sisi turudi Sofu na damu yetu?"

"Msirudi nayo," muuguzi alisema. "Humu ndani wapo akina mama wengine ambao haiwatoshi. Chumba cha kutolea kipo kulia."

Vijana sita walitazamana. Kisha wakaenda kulia, Ally akiwa wa kwanza, Latifu akiwafuata.

Bi Siwema aliruhusiwa kuingia. Faudhia alikuwa amelala kwenye mto, amechoka, macho yanang'aa, mtoto kifuani. Juliana, aliyeitwa na wauguzi, alikuwa ameshachukua tone la damu ya kitovu, na baadaye alikuja kueleza kwamba risasi ilikuwemo, ila kidogo, na kwamba watamfuatilia mtoto huyo anavyokua. Lakini wakati huo Bi Siwema alitaka jambo moja tu. Alimgeukia muuguzi.

"Hiyo damu iliyobaki. Nitajie kipimo chake."

"Kumi na moja, mama."

"Rudia."

"Kumi na moja. Ni nzuri."

Bi Siwema alifungua kinywa, na vigelegele vikatoka vyenyewe. Watoto wachanga wa wodi nzima wakaamka. Muuguzi alimkumbusha kwamba hapo ni hospitali. Bi Siwema alimwomba radhi kwa heshima zote. Akambusu mjukuu kwenye paji la uso, akatoka nje, akavuka uwanja wa hospitali hadi langoni, akavimalizia huko.